Sitini na Mbili za Saa Tisa

Niseme la aibu kwanza, nilitue chini, halafu tuongee vizuri. Yale makosa sitini na mbili ya saa tisa alasiri, ambayo mzee mmoja mwenye akili kunizidi mara nyingi ameyatafuta juu ya maji ya Ziwa Viktoria kwa miaka tisa, niliyaweka mimi. Kwa kalamu ya bluu. Tena kwa nia njema kabisa, nikiwa nimeshiba ugali na sato.

Mimi shule niliishia kidato cha pili. Hesabu na mimi tuliachana mapema bila ugomvi, kila mtu akaenda zake. Sifuri nilikuwa nazipata nyingi mpaka mwalimu akawa anaichora kubwa, anaiwekea macho na mdomo, ili angalau daftari langu lipendeze. Kwa hiyo mtu akiniambia sifuri, mimi najua maana yake moja tu: leo nyumbani kuna fimbo.

Sasa wakati naanza kazi kwenye minara, hapa Mwanza, nilikuwa mtu mzima mwenye mke na ndevu. Kazi yangu ilikuwa kupanda. Ukinionyesha mnara nitapanda, ukiniambia geuza dishi kidogo kushoto nitageuza. Mambo ya ndani ya mtambo hayakunihusu. Lakini siku hiyo kulikuwa na upungufu wa watu, na yule mzee, fundi wetu wa vipimo, akaniachia kazi ya kukaa mbele ya kipimo kilimani, upande wetu wa Mwanza, wakati yeye amevuka kwenda upande wa pili, Sengerema, na kipimo kingine. Cha kule kinatuma namba juu ya ziwa, cha kwetu kinazipokea na kuhesabu zilizoharibika njiani. Kila saa nisome namba kwenye kioo, niandike kwenye fomu. Juu ya fomu kulikuwa na jina lake. Mbele ya kila saa kulikuwa na kisanduku.

Saa moja asubuhi: sifuri. Saa mbili: sifuri. Saa tatu, nne, tano, sifuri. Nikaanza kumwonea huruma. Nikasema labda atachangamka akishakula. Saa nane: sifuri. Mzee mzima, Mhaya, mtu wa suruali yenye mkunjo wa pasi, anafeli mbele yangu hivihivi na fomu inakwenda kwa meneja.

Kumpigia nimwambie ajitahidi haikuwezekana, alikuwa amezima simu. Basi nikamsaidia. Saa tisa nikamwekea sitini na mbili. Saa kumi nikampa arobaini na nane. Kwingine nikaacha sifuri zake, kwa sababu nilijua ukimpa mtu alama nzuri masomo yote wanashtuka. Jioni dereva akaja kuchukua fomu, nikampa, nikarudi nyumbani roho ikiwa nyeupe.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba zile ni hesabu za makosa.

Ofisini walikuwa wanamwita Mzee wa Makosa. Jina lilikuwa la kazi tu: kazi yake ni kupima makosa, kujua katika kila saa ni sekunde ngapi zimepita zikiwa na dosari. Lakini jina likivuka geti la ofisi linabadilika ladha. Mara moja dereva alimfuata kanisani Jumapili kwa jambo la haraka, akasimama mlangoni akauliza kwa sauti kama Mzee wa Makosa yumo. Ibada ikasimama. Nasikia wazee watatu waligeuka wakiwa tayari kuitika. Mkewe alikaa wiki mbili hasalimiani na yule dereva.

Yeye mwenyewe jina halikumsumbua. Kilichomsumbua ni watu kusema “mtandao mbovu.” Hilo neno mbovu lilikuwa linamtoa jasho. Atakuuliza: mbovu kwa kiasi gani, kuanzia saa ngapi, kwa sekunde ngapi? Muuza maembe pale karibu na ofisi alimwambia siku moja kwamba embe zake si mbovu, akaulizwa katika mia ni ngapi. Yule mama akamjibu, “Baba, nunua au pita.” Alinunua. Akahesabu. Kesho yake akamletea jibu.

Na alikuwa na sheria yake ya sekunde kumi, ambayo kumbe siyo yake, ni ya mafundi wote wa dunia. Laini, yaani mawasiliano ya mnara kwa mnara, ikiharibika vibaya sekunde moja, mbili, tisa, hairuhusiwi kusema imekufa. Inahesabiwa ipo, ila ina shida. Ikifika sekunde kumi mfululizo, hapo ndipo unaandika: haipatikani. Na ikirudi, huipokei kwa vigelegele. Unasubiri kumi nzuri mfululizo, ndipo unaandika imerudi. Mzee aliitumia sheria hii kwa binadamu. Ukimkosea, anakuangalia kimya. Ukiomba radhi kabla ya kumi, yameisha. Ukipitiliza, kwake wewe huna mawasiliano, na kurudi inabidi uwe na adabu kwa muda fulani bila kukatika. Mimi nilishawahi kuwa sina mawasiliano siku nne kwa sababu ya kukalia sanduku la kipimo.

Kile kipimo alikifunika kwa kitenge cha mkewe, njano na kijani. Akikibeba kwenye gari anakifunga mkanda, mimi nakaa nyuma na makamba. Alisema mimi nikianguka natibiwa Bugando, kipimo kikianguka kinapelekwa ng’ambo.

Sasa maajabu yake. Mtu huyu aliyepima kupatikana kwa laini za mkoa mzima, yeye mwenyewe alikuwa hapatikani. Simu yake ilikuwa imezimwa muda wote. Wakati wa kupima alisema inachafua kipimo. Wakati wa kula inachafua chakula. Nyumbani ilikaa kabatini, juu ya vikombe vya wageni. Mkewe alituambia tukiwa tumekwenda kumjulia hali, huku anatupakulia ndizi, kwamba akitaka kujua mumewe yuko wapi anapiga simu ya muuza maembe. Mzee akasikia, akasema simu yake haina tatizo lolote, ni yeye tu hayupo kwenye huduma.

Jambo jingine lilikuwa kufuta. Kwake hakuna kufuta. Ukikosea namba kwenye fomu, unapiga mstari mmoja, namba ya zamani ibaki inasomeka, unaandika sahihi pembeni, unaweka saini na tarehe. Nilipomuuliza kwa nini tusitumie tu ile rangi nyeupe ya kufutia, alinieleza kwa upole, kama unavyoongea na mgonjwa, kwamba kosa lililofutwa haliondoki, linakuwa tu halina mwenyewe.

Nilimsikia vizuri sana siku hiyo. Nilikuwa tayari ninayo yangu mawili.

Maana fomu yangu ilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Kesho yake meneja aliita watu. Laini mpya ya kuvuka ziwa, ambayo mzee aliapa ni safi, ina makosa mia moja na kumi ndani ya saa mbili. Mzee akaitwa ajieleze. Akaikodolea macho fomu, akaniuliza kama namba nilizisoma mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nina uhakika na saa tisa. Nikasema nina uhakika, kwa sababu kwa kweli niliikumbuka vizuri, ndiyo saa niliyoanza kuwa na huruma. Ile karatasi ndogo ambayo kipimo kinachapa chenyewe niliiacha juu ya dashibodi ya gari, jua likaifanya nyeupe kama leso. Ikabaki kalamu yangu.

Nilipokuja kuelewa, wiki ilikuwa imepita na nilikuwa juu ya mnara. Nilitumwa kuyatafuta makosa. Nilipanda mara nne, jamani, jua la Mwanza la mchana, nikikaza nati ambazo hazikuwa zimelegea, nikigeuza dishi na kulirudisha, nikitafuta mita hamsini juu kitu nilichokizaa mwenyewe chini nikiwa nimekaa. Mara ya nne ndipo Maduhu, mpandaji mwenzangu, mtu wa Kisesa, aliponiambia tukiwa tumefungwa mikanda juu kule kwamba sifuri ndiyo alama nzuri kuliko zote. Nilishika chuma kwa mikono miwili. Nikamwambia yeye, na yeye peke yake.

Tuliposhuka wakapima upya. Sifuri tupu, kutwa nzima. Meneja akafurahi, akasema kijana amepata ugonjwa na kuutibu. Akanipa mkono mbele ya watu. Mwezi uliofuata nikaajiriwa kwa kudumu, kwa sababu ya kurekebisha kitu ambacho hakikuharibika. Sasa niambie wewe, hapo ungeanzia wapi kukiri?

Kila mtu aliridhika isipokuwa mzee. Yeye alisema hitilafu iliyopona bila kujulikana imeponaje itarudi. Akanunua daftari la jalada gumu. Akawa kila akipata nafasi anakwenda ufukweni upande wa Kamanga, penye kivuko, saa tisa, anaangalia maji ambayo laini yetu inapita juu yake. Anaandika upepo unatoka wapi, mawimbi makubwa kiasi gani, kivuko kiko wapi. Kwanza alishuku kivuko. Halafu akashuku wale wadudu wa ziwani wanaonyanyuka kwa mamilioni kama moshi. Mwaka mzima alishuku wadudu. Baadaye akawasamehe.

Kuna injinia mmoja, kijana wa kutoka chuo, alimwambia mbele ya watu kwamba pale hapana kitu, labda msomaji alikosea. Mzee akamtetea msomaji. Msomaji ni mimi. Alisema, “Huyu Msukuma ana mapungufu mengi, lakini namba anaweza kunakili.” Tangu siku hiyo hakuongea tena na yule injinia. Sekunde kumi zilipita, na miaka nayo.

Nafasi ya kusimamia vipimo vya kanda yote ya ziwa ilipotoka, alipewa mwingine. Walisema mzee amekwama kwenye jambo moja. Akastaafu hivyohivyo, na daftari lake. Tulimfanyia sherehe ya soda na pilau. Katika kutoa shukrani alisema anaondoka akiwa na deni la saa mbili za alasiri. Watu walicheka. Mimi nilikula pilau nikiangalia chini.

Usidhani sikujaribu kumwambia. Nilipiga simu mara nyingi. Yule dada wa kwenye simu akanijibu kila mara kwamba mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa. Na mimi, niseme kweli, nilikuwa napiga nikiomba ajibu huyohuyo dada.

Mwaka huu, siku ya Alhamisi, nilikuwa navuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema kuangalia mnara. Napanda ngazi kwenda juu kwenye mabenchi, namkuta. Suruali ile ile ya mkunjo, kofia ya pama, daftari mapajani. Amekonda kidogo, macho bado yanakuhesabu.

Nikasema shikamoo mzee. Akasema marahaba, na kwamba nimenenepa, angependa kujua kwa kiasi gani. Nikakaa. Nikamuuliza safari ya wapi. Akajiweka sawa kama bwana harusi. Chuo kimoja cha ufundi kule Sengerema kimemwalika aongee na wanafunzi wa mawasiliano. Darasa zima. Atawafundisha matokeo yake.

“Matokeo ya nini, mzee?”

“Ya saa tisa. Nimepata.”

Akafungua daftari. Akanieleza kwa dakika kadhaa, na lazima nikiri ilikuwa nzuri sana. Mawimbi ya laini, alisema, mengine yanakwenda moja kwa moja kutoka dishi hadi dishi, mengine yanashuka, yanagonga maji na kuruka. Ya kugonga maji yanafika yamechelewa, yanagombana na yale ya kwanza. Siku ziwa likijaa kiasi fulani, na jua likiwa mahali fulani, ugomvi unakuwa mkubwa kwa saa mbili, halafu unaisha. Kitu hicho alikuwa amekipa jina. Kivuli cha Maji. Alikuwa amechora ziwa, jua, minara miwili na mishale. Pembeni, kwa mwandiko wa kishule, safu ya saa zote kumi na mbili za siku ile, na katikati ya sifuri namba zangu: 62, 48.

“Mawimbi kugonga maji kila mtu anajua,” akasema. “Lakini hizi namba mbili ndizo zinazoonyesha hapa kwetu kunakuwaje. Bila hizi nina mchoro tu.”

Nikaangalia mbele. Upande wa Sengerema ulikuwa unasogea. Watoto wa watu, darasa zima, wangeandika Kivuli cha Maji kwenye madaftari yao. Wangeulizwa kwenye mtihani. Na halafu siku moja mmoja wao angepima ile laini saa tisa, akute sifuri, asimame mbele ya watu aseme mzee yule alikuwa mwongo.

Nikamwambia. Sikutafuta maneno, nilisema tu kama mtu anayetapika. Kwamba nilidhani ni mtihani. Kwamba nilimwonea huruma. Kwamba kipimo kilisoma sifuri siku nzima na zile mbili nilizipachika mimi.

Hakunyanyua sauti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Uliniwekea sitini na mbili.”

“Ndiyo, mzee.”

“Katika mia.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo ulikaa ukanipima, ukaona mimi ni mtu wa sitini na mbili.”

“Mzee, darasani kwetu hiyo ilikuwa alama kubwa.”

“Na saa kumi?”

“Arobaini na nane.”

“Nilishuka?”

“Nilidhani umechoka.”

Mama mmoja aliyekaa mbele yetu na ndoo ya dagaa akageuka kutuangalia, akageukia tena mbele, mabega yakimcheza. Honi ya kivuko ikalia. Niliogopa kuliko siku yoyote niliyowahi kuning’inia kwenye mnara, kwa sababu kule juu nina mkanda.

Kisha akatoa kalamu. Akapiga mstari mmoja juu ya 62, ibaki inasomeka. Akaandika sifuri pembeni. Akapiga mstari juu ya 48, akaandika sifuri. Akanigeuzia daftari niweke saini na tarehe, na mbele ya jina langu akaandika kwa herufi ndogo safi: aliyekosea. Nikasaini. Ikatoka saini ya mtu mwingine kabisa.

Alikaa akiiangalia ile safu. Sifuri kumi na mbili, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

“Ilikuwa safi,” akasema.

“Safi, mzee.”

“Kutwa nzima. Niliwaambia ni safi. Niliwaambia, halafu na mimi nikaacha kuamini.”

Akafunga daftari. Akasema itabidi ampigie yule injinia kijana amwombe radhi. Akatoa simu mfukoni, ilikuwa imezimwa, akairudisha.

Nilidhani atarudi na kivuko kilekile. Hakurudi. Tuliposhuka, gari la chuo lilikuwa linamsubiri, akanishika mkono wa shati akaniingiza nyuma. Mnara wangu ulinisubiri siku hiyo. Darasani akachora ziwa, jua, minara miwili na mishale. Akawaeleza Kivuli cha Maji kwa ufasaha wote, wanafunzi wakiandika mbio. Halafu akaweka chaki chini, akawaambia wapige mstari mmoja juu ya namba zote mbili.

“Chanzo cha hitilafu nimekuja nacho,” akasema. “Simama.”

Nikasimama. Nikasimulia yote, mpaka ugali na sato. Walicheka, mwalimu wao akicheka kuliko wao. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono, akauliza bila hata kutabasamu kama mimi hutokea kila alasiri au ni wakati wa kiangazi tu. Mzee akasema hilo ni swali zuri, na kwamba takwimu hazitoshi.

Tulirudi pamoja. Kwenye kivuko tukakaa benchi lilelile la juu. Ilikuwa saa tisa na kidogo, jua limelala juu ya maji, wale wadudu wananyanyuka mbali huko kama moshi wa jiko. Nilisubiri atoe daftari. Hakutoa. Alikaa ameweka mikono juu ya magoti, anaangalia maji kama mtu anayeangalia maji tu, na alionekana hajui aangalie sehemu gani. Upande wa mjini tulipofika aliniaga vizuri, akasema nimsalimie mke wangu, akaondoka polepole. Simu bado alikuwa ameizima.

Jioni nikampigia Maduhu, nikamwambia kila kitu. Nilikuwa mwepesi, bwana, kama nimetua mzigo wa miaka tisa. Nilitegemea pongezi. Maduhu akasikiliza mpaka mwisho, akaguna, akaniuliza kama kweli nilimwambia mzee zote mbili. Nikasema zote mbili.

“Wewe nawe huna kiasi,” akasema. “Si ungekiri ile ya saa tisa tu. Ile ya saa kumi ungemwachia aitafute.”